Kumfuga Samaki Malaika wa Bahari Nainokanoka

Samaki malaika wa baharini anaweza kuishi vizuri miaka mingi ndani ya nyumba ya Nainokanoka, mradi mambo matatu yawe yamekamilika kabla hajanunuliwa: joto, hewa na maji. Wengi huanza na samaki. Wanamwona Dar es Salaam au Mombasa, wanavutiwa na rangi zake, wanampandisha gari, halafu ndipo wanatafuta pa kumweka. Huku juu mpango huo unamuua ndani ya siku chache. Kwa hiyo katika mwongozo huu samaki anakuja karibu na mwisho, ingawa anachaguliwa mapema, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua ukubwa wa tangi.

Hatua ya 1: Pima umeme wako

Nainokanoka iko chini ya mlima Olmoti, kwenye ukanda wa mita 2,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai kila mwenyeji anajua baridi yake; ndani ya chumba kisicho na moto joto linaweza kufika nyuzi 10 au chini yake. Samaki wa miamba ya pwani yetu amezoea maji ya nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima.

Hesabu ni hii. Tangi la lita 200 lisilofunikwa, likiwa na nyuzi 15 zaidi ya chumba, linapoteza joto la takriban wati 200 mfululizo. Kwa saa 24 hizo ni karibu uniti 5 za umeme, bado pampu na taa. Sola ya nyumbani iliyonunuliwa kwa ajili ya balbu, simu na redio haiwezi kubeba mzigo huo, na hakuna fundi mwaminifu atakayekuambia vinginevyo. Kama huna umeme wa uhakika, weka tangi lako Karatu mjini, kwa ndugu au dukani. Karatu iko chini zaidi, kwenye mita 1,500 hivi, na usiku wake una huruma kidogo. Mimi ningefanya hivyo bila kusita kuliko kumweka kiumbe wa maji ya joto ndani ya maji yanayopoa kila usiku.

Jambo lingine la kumaliza mapema ni ruhusa. Nainokanoka imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kuleta humo mnyama hai kutoka nje ni jambo la kuuliza kwa Mamlaka ya Hifadhi kabla ya kutumia hata shilingi moja. Uliza kwa maandishi, na jibu ulihifadhi.

Hatua ya 2: Chagua samaki anayelingana na nyumba yako

Wavuvi wa pwani huwaita samaki hawa kitatange, pamoja na ndugu zao vipepeo. Utamtofautisha malaika na kipepeo kwa mwiba mkali ulio kwenye ukingo wa shavu lake, ukielekea nyuma. Ukumbuke mwiba huo, kwani tutaurudia siku ya kumhamisha.

Ninayempendekeza ni mmoja wa wadogo kabisa wa pwani yetu, anayeitwa na wanasayansi Centropyge acanthops. Anapatikana kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, hasa penye vifusi vya matumbawe, na hazidi sentimita 8 au hivi. Mwili wake ni wa buluu iliyokolea. Kichwa na mgongo ni rangi ya chungwa inayowaka. Mkia una umanjano hafifu. Siku nzima anazunguka mawe akidonoa mwani na vidudu vidogo, akiingia tundu hili na kutokea lile. Tangi la lita 200 linamtosha.

Usishawishike na malaika wakubwa. Mtoto wa Pomacanthus imperator huuzwa akiwa na ukubwa wa kiberiti, mweusi wa kibuluu mwenye duara nyeupe ndani ya duara, na hakuna anayemtazama bila kumtamani. Lakini huyo hufikia sentimita 40 na kubadilika rangi kabisa, akawa na mistari ya njano na buluu, na hapo anahitaji tangi la lita 800 au zaidi. Hesabu ya umeme tuliyofanya hapo juu nayo itapanda. Ndugu yake Pomacanthus semicirculatus, ambaye utotoni ana mistari ya mviringo nyeupe na buluu, naye ana tabia hiyo hiyo. Apolemichthys trimaculatus na Pygoplites diacanthus wana tatizo jingine: baharini hula sponji kwa wingi, na wengi wao wakifika tangini hugoma kula mpaka wanakufa. Hao waache baharini.

Mchukue mmoja kwanza. Malaika hawa wadogo huishi kwa kundi la dume mmoja na majike kadhaa. Wote huanza wakiwa majike, na aliye mkubwa hugeuka dume. Ukiweka wawili wenye ukubwa sawa kwenye tangi dogo, watagombana mpaka mmoja aumie. Anayetaka wawili aweke mkubwa na mdogo, tena kwenye tangi la lita 300 au zaidi.

Hatua ya 3: Tengeneza tangi

Tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50 hubeba lita 200 kamili. Fundi vioo wa Karatu au Arusha anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 10. Mwambie atumie silikoni ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu huvuja sumu ndani ya maji. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza maji ya kawaida na uliangalie siku mbili nje ya nyumba.

Likijaa maji, mawe na mchanga, tangi hilo linakaribia kilo 300. Linataka meza ya chuma iliyochomelewa na sakafu ya saruji iliyonyooka. Lisikae karibu na dirisha wala mlango.

Sasa lifunike. Nunua mbao za fomu nyeupe, ile ngumu inayokuja imefungiwa televisheni na friji, zenye unene wa sentimita 5. Weka chini ya tangi, nyuma na pembeni zote mbili, ukiacha kioo cha mbele tu. Juu weka mfuniko wa kioo wenye nafasi ya vidole viwili nyuma ili hewa ipite. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na umeme utakaookoa, kwa maana inaweza kupunguza joto linalopotea kwa nusu au zaidi.

Weka hita mbili za wati 200 badala ya moja ya wati 400. Moja ikifa, nyingine inamzuia samaki asigande kwa baridi. Moja iking'ang'ania kuwaka, haina nguvu ya kumpika upesi. Kipimajoto kiwe kingine, tofauti na kile cha kwenye hita.

Hatua ya 4: Pata maji ya bahari

Hapa watu wa kwetu hukosea kwa sababu ya kuzungukwa na chumvi. Ziwa Magadi lililo ndani ya kreta, Eyasi na Natron yote yana chumvi, lakini si ya bahari. Ile imejaa kaboneti za sodiamu, ndiyo maana magadi hulainisha maharage. Samaki wa bahari anataka maji yenye pH ya 8.1 hadi 8.4, maji ya Natron yanaweza kupita 10, na wanaoyaweza ni perege wadogo wa jenasi ya Alcolapia waliozaliwa humo. Chumvi ya mezani nayo haifai: ni kloridi ya sodiamu iliyoongezwa madini joto, haina magnesiamu, kalsiamu wala potasiamu ya kutosha.

Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni chumvi maalumu ya matangi ya bahari, inayoagizwa kupitia maduka ya samaki wa mapambo ya miji mikubwa. Unachanganya gramu 35 kwa kila lita, yaani kilo 7 kwa tangi zima. Ya pili ni kuleta maji yenyewe kutoka Tanga au Dar es Salaam: madumu 10 ya lita 20, mapya au yaliyobeba maji ya kunywa tu, kamwe si ya mafuta wala dawa. Yachotwe wakati bahari imejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na si katikati ya masika ambapo mito inatapika tope. Yachuje kwa kitambaa safi na uyaweke gizani.

Binafsi napendelea chumvi ya kuchanganya. Kubadilisha maji ni kazi ya kila wiki, na lori la madumu haliji kila wiki.

Maji ya kuchanganyia yawe safi kweli. Chemchemi na visima vya ardhi hii ya volkano mara nyingi vina floraidi nyingi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia, pamoja na madini mengine. Maji yanapokauka tangini madini hayo yanabaki na kujilimbikiza. Mtambo mdogo wa kuchuja wa RO (reverse osmosis) ndio jibu bora. Mvua inafaa pia, ila bati jipya hutoa zinki. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, halafu kinga kwenye pipa la plastiki.

Pima chumvi kwa refraktomita. Unatafuta 1.024 hadi 1.026.

Hatua ya 5: Weka mawe na ukomaze tangi

Mawe ni nyumba ya samaki na ni makazi ya bakteria wanaosafisha maji. Usichukue matumbawe hai. Yanalindwa, na kuyang'oa ni kubomoa mahali alikozaliwa samaki unayemtaka. Tumia mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu pwani kwa ajili ya kujengea na kuchomea chokaa. Yana matundu mengi na ni kalsiamu kaboneti tupu. Yasugue na kuyaloweka wiki mbili, ukibadilisha maji. Kilo 25 zinatosha. Yapange yaache mapango na vichochoro, yasimame bila kuegemea kioo. Chini mwaga mchanga mweupe kiasi cha sentimita 3.

Washa pampu, washa hita, fikisha nyuzi 25, kisha tupia kipande cha kamba ukubwa wa kidole gumba. Kitaoza na kutoa amonia. Bakteria wa aina moja wataigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine watageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo si hatari kwa kiwango kidogo. Kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 8. Kwenye maji baridi bakteria hawa huzaliana polepole mno, kwa hiyo anayezima hita ili kuokoa umeme kwa kuwa samaki hajafika anajirudisha nyuma mwenyewe.

Nunua vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti na pH. Amonia na naitraiti zikisoma 0, na naitreti ikiwa chini ya 20, bado usinunue samaki. Subiri mwani wa kijani na wa kahawia uote juu ya mawe. Kitatange mdogo anayefika kwenye mawe matupu hana cha kudonoa, na kwa samaki aliyezoea kudonoa siku nzima hiyo ni njaa. Miezi mitatu tangu kujaza maji ni muda wa haki.

Hatua ya 6: Shughulikia hewa

Hili halimo katika vitabu vingi vya matangi, kwa sababu vimeandikwa na watu wa miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 mgandamizo wa hewa ni robo tatu tu ya ule wa pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa uwiano huo huo. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yakiwa Tanga hushika karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakiwa Nainokanoka hushika kama 5. Hakuna pampu inayoweza kuvuka kiwango hicho kwa hewa ya kawaida. Kinachowezekana ni kuhakikisha maji hayashuki chini yake.

Kwa hiyo elekeza pampu moja juu ili uso wa maji uchemkechemke muda wote, usiku na mchana. Weka skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu. Kinaingiza hewa nyingi kikiwa kazini. Weka samaki wachache: kitatange mmoja na wengine wawili wadogo na wapole wanatosha kabisa. Na shusha joto hadi nyuzi 24 au 25. Maji yenye ubaridi kidogo hushika oksijeni zaidi, samaki hupumua kwa utulivu, na uniti za umeme zinapungua.

Halafu kuna jiko. Jioni za baridi nyumba hufungwa, mkaa au kuni zinawaka ndani, na pampu ya hewa inavuta moshi na hewa chafu moja kwa moja hadi majini. Kabonidioksidi hushusha pH usiku kucha. Toboa ukuta tundu la kipenyo cha kalamu, pitisha mpira wa pampu ya hewa, uvute kutoka nje upande usio na moshi.

Dawa ya kupe ni hatari kuliko vyote. Dawa nyingi za josho na za kunyunyizia ng'ombe ni za jamii ya pairethroidi, zinazoua samaki kwa kiasi kidogo mno. Aliyeogesha mifugo asiingize mkono tangini siku hiyo hata kama amenawa, na bomba la dawa lisilale chumba kimoja na tangi. Dawa za mbu za kupuliza zihesabu hivyo hivyo.

Hatua ya 7: Mnunue na kumsafirisha

Kenya imekuwa ikisafirisha samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo mingi. Wapo wavuvi wanaozamia kwa nyavu ndogo za mkono sehemu kama Shimoni na Kilifi. Ukinunua huko, samaki hai anavuka mpaka kwa kibali cha uvuvi na cheti cha afya, si kwa kujificha kwenye begi. Ukinunua Tanzania, muuzaji awe na leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Mwulize alikovuliwa. Mbudya, Bongoyo na Chumbe ni maeneo ya hifadhi, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia uvuvi una masharti yake.

Mwangalie akila mbele yako. Macho yawe maangavu, tumbo lisiwe limebonyea, mapezi yasiwe na vidoa kama chembe za chumvi. Asiyekula dukani hatakula kwako.

Asilishwe siku mbili kabla ya safari. Afungwe kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Mwambie muuzaji asiujaze mpaka ukakaza: gari likipanda kutoka pwani hadi huku, gesi iliyomo hutanuka kwa karibu theluthi, na mfuko uliokazwa utapasuka njiani. Uingie ndani ya boksi la fomu lenye mfuniko, gizani, na chupa moja ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa gazeti ukianza kupanda msitu wa lango la Lodoare.

Mwulize muuzaji kipimo chake cha chumvi, na tangi lako la karantini (hatua ya 8) uliandae kwa kipimo hicho hicho. Ukifika, eleza mfuko juu ya maji kwa dakika 20 ukiwa bado umefungwa ili joto lilingane. Ukiufungua fanya haraka. Wakati wa safari kabonidioksidi imeshusha pH ya maji ya mfukoni, na kwa hiyo amonia iliyomo imekuwa haina ukali. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia inageuka sumu. Usikae saa nzima ukidondoshea maji. Mtoe ndani ya dakika chache.

Mtoe kwa jagi la plastiki, si kwa wavu. Ule mwiba wa shavuni hunasa kwenye nyuzi, samaki anapapatika, na kuunasua bila kumjeruhi ni kazi ngumu.

Hatua ya 8: Karantini ya wiki 4

Andaa tangi la pili la lita 60, lenye hita, pampu ya hewa na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Unachokitafuta ni vimelea wawili: Cryptocaryon irritans, anayeleta vidoa vyeupe, na Amyloodinium ocellatum, anayeonekana kama vumbi la dhahabu na kuua upesi. Wote hushambulia matamvua. Samaki wa Tanga mwenye matamvua yaliyojeruhiwa ana oksijeni ya kumvusha. Huku kwetu hana akiba hiyo, kwa hiyo akianza kuhema juu juu usisubiri kesho kuanza tiba. Dawa ya shaba hutumika karantini tu, kwa kipimo kilichopimwa, kwa sababu malaika wadogo huivumilia vibaya na konokono hufa nayo kabisa.

Hatua ya 9: Chakula na kazi za wiki

Chakula kizuri unakitengeneza mwenyewe. Saga kamba wabichi waliomenywa pamoja na ngisi, changanya na mwani wa kijani uliokaushwa wa kiasi hicho hicho, mimina jelatini iliyoyeyushwa, tandaza kwenye mfuko wa plastiki uwe mwembamba kama chapati, gandisha. Kila siku unavunja kipande cha ukubwa wa ukucha, mara tatu. Kisichoisha ndani ya dakika mbili kilikuwa kingi. Nyama ya ng'ombe, mbuzi au mafuta yake isiingie tangini. Tumbo la samaki huyu halina uwezo nayo.

Kiangazi cha huku kinakausha maji haraka. Bandika utepe kwenye kioo pale maji yanapofika, na kila asubuhi ongeza maji matamu hadi hapo. Kinachopanda hewani ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo ukiongezea ya chumvi unamkausha samaki taratibu.

Kila wiki badilisha lita 20, yakiwa yamechanganywa jana yake na kufikishwa nyuzi zile zile. Yale ya zamani yana karibu gramu 700 za chumvi. Usiyamwage shambani, wala penye majani ambapo ndama wataramba, wala kwenye kijito cha kuelekea mto Munge. Choo cha shimo ndicho mahali pake.

Hatua ya 10: Umeme ukikatika

Cha kwanza ni hewa. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe imechajiwa na kuning'inia ukutani siku zote, kwa maana maji yakitulia oksijeni huanza kupungua mara moja. Cha pili ni blanketi juu ya tangi zima, mbele pia, ukiacha nafasi ya mpira wa hewa. Tangi lililofungwa fomu vizuri litashuka nyuzi 1 kila saa mbili hivi, kwa hiyo una muda.

Likifika nyuzi 21, jaza maji ya moto yasiyochemka kwenye chupa tatu za lita moja na nusu, kaza vifuniko, zielee ndani. Zitarudisha takriban nyuzi 1. Zibadilishe zikipoa. Usimlishe samaki mpaka umeme urudi, na ukirudi hakikisha hita zimezama kabisa kabla ya kuziwasha, kwa sababu hita iliyokauka na kupata moto ikiguswa na maji inapasuka.